Lengalenga inapendeza, udongo una sumu: somo la watafiti wa Lubumbashi kwa Butembo na Beni

Mmea unaweza kuwa wa kijani, mnene na wenye afya machoni, na bado ukabeba sumu ndani ya majani yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamechunguza kwa miaka mingi namna mimea inavyoishi kwenye udongo uliochafuliwa na madini. Kazi yao inawahusu moja kwa moja wanaolima mboga mabondeni Butembo na wanaovuna kakao Beni.

BUTEMBO. Asubuhi na mapema, mama wauza mboga wanashuka mabondeni kukata lengalenga. Bustani ziko kandokando ya mto Kimemi na vijito vinavyoingia ndani yake. Udongo ni mweusi, una unyevu hata wakati wa kiangazi, na mboga inakua haraka. Lakini juu ya kilima kuna garaji, kuna mahali pa kuoshea pikipiki, kuna jalala. Mvua ikinyesha, vyote vinateremka: mafuta machafu ya injini, maji ya batri, majivu ya takataka zilizochomwa. Mwisho wa mteremko ni kwenye bustani.

Sokoni, mnunuzi anafanya kile alichofundishwa na mama yake. Anageuza jani, anatafuta matundu ya wadudu, anaangalia kama limeanza kuwa la manjano. Likiwa la kijani na laini, analipa na kwenda kupika. Kwa magonjwa mengi ya mimea, jicho hilo linatosha. Kwa sumu ya madini halitoshi.

Kahawa ilituonyesha ugonjwa wake

Wakaaji wa Beni wanajua vizuri mmea unaoteseka ni nini. Wazee wanaikumbuka trakeomikoze, ule ugonjwa uliokausha kahawa ya robusta. Unaletwa na uyoga mdogo usioonekana kwa macho, Fusarium xylarioides. Ulionekana kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ukaingia Kongo, ukapiganwa wakati wa ukoloni hadi ukapungua, kisha ukarudi kaskazini-mashariki mwa nchi katika miaka ya 1980. Kutoka huko ulishuka hadi mashamba ya Beni, na mwaka 1993 ukatambuliwa ng'ambo ya mpaka, Uganda.

Mti wa kahawa haukuficha maumivu yake. Majani yaligeuka manjano, yakajikunja, yakaanguka, mara nyingi upande mmoja wa mti kwanza. Ukikwangua gome, unakuta mbao chini yake zimepata rangi nyeusi ya bluu. Ndani ya miezi michache mti umekufa, ingawa mvua inanyesha na udongo una maji.

Kwa nini mti ukauke na maji yapo? Uyoga unaingia katika mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini. Mti nao unajitetea: unaziba mishipa hiyo kwa utomvu ili adui asipande juu. Ni kama mtu anayefunga mlango mwizi asiingie, halafu anajikuta amejifungia ndani bila maji ya kunywa. Kinga ya mti inachangia kifo chake.

Kwa kuwa ugonjwa ule ulionekana, watu waliweza kuchukua hatua. Wataalamu walishauri kung'oa na kuchoma miti palepale shambani. Uganda ilizalisha aina za robusta zinazostahimili, zinazoitwa KR1 hadi KR7. Hapa Beni, wakulima wengi waliachana na robusta na kupanda kakao, ambayo leo ndiyo inayolipa karo za watoto kuanzia Oicha na Mbau hadi Mutwanga.

Uchafuzi wa madini hauna tabia hiyo. Hauji na dalili ambayo kila mkulima anaweza kuitambua. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kwenda kusini mwa nchi yetu, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Butembo, mahali ambapo mimea imeishi na shaba kwa muda mrefu kuliko karibu popote duniani.

Lubumbashi, jiji lililokua chini ya moshi

Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilimwaga shaba yake ya kwanza mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya jiji kuanzishwa. Kwanza kilikuwa cha Union Minière, baadaye kikawa cha Gécamines. Bomba lake refu la moshi na mlima mweusi wa takataka za madini vimekuwa alama ya jiji.

Moshi ule ulibeba gesi ya salfa na vumbi lenye shaba, kobalti, zinki, risasi na kadimi. (Risasi tunayozungumzia hapa ni ile plomb ya ndani ya batri.) Upepo wa huko, unaovuma mara nyingi kutoka kusini-mashariki, ulipeleka vumbi upande wa kaskazini-magharibi. Msitu wa eneo hilo ukafa. Mvua ikaosha udongo wa juu. Mtaa wa Penga Penga, ambao uko katika njia hiyo ya moshi, ukabaki na sehemu za udongo mtupu ambapo hata magugu yalishindwa kuota.

Lakini wataalamu wa mimea waliona jambo la ajabu. Katika sehemu hizo tupu kulikuwa na nyasi fupi iliyoendelea kuota bila kupandwa na mtu. Jina lake la kisayansi ni Microchloa altera, ambayo zamani iliandikwa Rendlia altera. Kwao nyumbani ni kwenye vilima vya asili vya shaba.

Vilima hivyo vya Katanga ni maarufu kwa wanasayansi wa dunia nzima. Mbelgiji Paul Duvigneaud alivichunguza tangu miaka ya 1950. Mwenzake François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi, aliendeleza kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Juu ya vilima hivyo kumeorodheshwa mamia ya aina za mimea, na kadhaa kati yake haziko mahali pengine popote duniani. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, unaitwa ua la shaba. Watafuta madini waliufuata kama alama: unapoota kwa wingi, chimba, huenda shaba ipo.

Nyasi tatu, chokaa na mboji

Mylor Ngoy Shutcha, mtafiti wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Kongo na Ubelgiji, walijiuliza swali rahisi: je, tunaweza kuutumia mmea uliozoea sumu ili kuifunga sumu hiyo ardhini, isipeperushwe na upepo wala kusombwa na mvua?

Walitengeneza vitalu vya majaribio na kuchanganya udongo na shaba, miligramu 2,500 kwa kila kilo ya udongo. Hiyo ni gramu mbili na nusu katika kilo moja, kiasi kinachoweza kuua mimea mingi. Wakapanda nyasi tatu za hapa nyumbani: hiyo Microchloa altera, nyingine inayoitwa Monocymbium ceresiiforme, na Cynodon dactylon, ile nyasi inayotambaa ambayo wengi wanaikanyaga viwanjani na kando ya barabara. Vitalu vingine waliviacha kama vilivyo. Vingine waliviwekea mboji, kilo nne na nusu kwa kila meta moja ya mraba. Vingine wakaviwekea chokaa, gramu 200 kwa meta ya mraba. Kisha wakafuatilia kwa miaka miwili: ngapi zimebaki hai, ngapi zimetoa mbegu, na shaba kiasi gani imeingia katika majani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Microchloa altera ndiyo iliyostahimili zaidi pale ambapo udongo haukuongezewa kitu chochote. Ile nyasi ya viwanjani ilihitaji chokaa ili isife. Jambo lenye maana kubwa kwa mkulima ni hili: penye chokaa, nyasi zilizaa zaidi na zilikuwa na shaba ndogo majanini kuliko penye mboji. Katika jaribio la pili, waliongeza mboji hadi kilo 22.5 kwa meta ya mraba, na nyasi zikaishi vizuri zaidi. Watafiti wakapendekeza kuchunguza chokaa na mboji vikitumika pamoja.

Maana yake ni kwamba mmea hausumbuliwi tu na kiasi cha sumu kilichomo ardhini. Kinachohesabika ni kiasi ambacho mizizi inaweza kukifikia. Udongo wenye asidi nyingi unaiachilia shaba, inayeyuka katika maji na mizizi inainywa. Chokaa inapunguza asidi, shaba inashikamana na udongo, na mmea unapumua. Sumu bado ipo palepale, lakini imefungwa.

Mmea unajitetea kwa njia gani?

Mtu akisikia moshi anakimbia. Mmea haukimbii. Kila kinachokuja lazima ukipokee pale ulipopandwa, na kwa hiyo umejitengenezea mbinu zake.

Mwaka 1981, mtaalamu Mwingereza Alan Baker aliipanga mimea katika makundi matatu kulingana na tabia yake mbele ya madini. Kundi la kwanza ni la mimea inayofunga mlango. Inazuia madini mizizini, na majani yanabaki karibu safi hata udongo ukiwa mchafu. Kundi la pili ni la mimea inayofuata kipimo cha udongo: udongo ukiwa na kidogo, jani lina kidogo, udongo ukiwa na kingi, jani lina kingi. Kundi la tatu ni la mimea inayokusanya. Inavuta madini kwa makusudi na kuyarundika majanini, wakati mwingine kupita hata kiasi kilicho katika udongo.

Ndani ya mmea kuna kazi nyingine. Madini yakizidi, yanaharibu chembe hai kama kutu inavyokula chuma. Mizizi inakuwa mifupi na minene. Mmea unashindwa kupata chuma cha kutosha, na majani yanapauka. Ili kujiokoa, mimea mingi hutengeneza vitu vidogo vinavyoyakamata madini na kuyafungia katika kibofu kilicho ndani ya kila chembe, kama mtu anavyoweka dawa ya panya katika sanduku lenye kufuli. Vitu hivyo vinaitwa fitokelatini, na vilielezwa mwaka 1985 na kundi la watafiti wa Ujerumani waliokuwa na Meinhart Zenk.

Hapo ndipo hatari kwetu inapoanzia. Mmea uliofaulu kufungia sumu katika sanduku lake unaendelea kukua vizuri. Jani ni la kijani kwa sababu kinga imefanya kazi. Lakini sanduku lenyewe limo ndani ya jani. Anayelila jani analila pamoja na sanduku.

Kadimi ndiyo mfano mbaya zaidi. Mmea hauihitaji, lakini inafanana na zinki, ambayo mmea unaihitaji. Kwa hiyo inapita katika milango ileile ya zinki na chuma, kama msafiri aliyepita mpakani kwa karatasi za mwenzake. Mboga za majani huichukua kwa wingi kuliko mazao ya matunda na mbegu. Risasi ni tofauti: sehemu kubwa yake hubaki mizizini, na ile inayokutwa kwenye majani mara nyingi ni vumbi lililotua juu yake.

Kutoka kwenye jani hadi mwilini

Lubumbashi, suala hili halikuishia kwenye nyasi. Michel Mpundu Mubemba na wenzake wa kitivo hichohicho walikwenda masokoni na kupima mboga za majani zinazouzwa katika eneo la madini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, walieleza kuwa walikuta mboga zenye madini kupita viwango vinavyokubalika. Mboga hizo hazikuwa zimekataliwa na mtu yeyote. Zilikuwa mezani, zikiuzwa kama kawaida.

Wengine waliwapima watu. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi, akishirikiana na Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, alipima mkojo wa watu 351 na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini, watoto zaidi. Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2014, ulifuata njia ambayo kobalti hupitia. Kwa watu wazima, njia kubwa ilikuwa chakula, hasa mboga na nafaka zilizolimwa palepale. Kwa watoto, vumbi lilikuwa na sehemu kubwa, kwa sababu wanacheza chini na kutia mikono mdomoni.

Madhara hayaji kwa siku moja. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ambacho kinajulikana kuwa salama. Inadhoofisha akili ya mtoto bila kumlaza kitandani. Kadimi inajikusanya katika figo na kukaa huko kwa miaka mingi sana. Mtu hawezi kusema ameugua kwa sababu ya sahani fulani ya mboga. Ni sahani za kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Sisi hatuna kiwanda cha shaba

Msomaji wa Butembo anaweza kusema: hayo ni ya Katanga, sisi hatuna bomba la moshi wala shaba. Ni kweli, na hakuna sababu ya kuogopa kila fungu la mboga. Lakini sumu hizi zina njia nyingine za kuingia mjini, na njia hizo tunazo.

Ya kwanza ni batri. Batri ya gari, na zile kubwa zinazowekwa pamoja na taa za jua, zina risasi na asidi. Zikivunjwa uani, asidi inamwagika na vumbi la risasi linabaki kwenye udongo. Pwani ya Kenya inajua gharama yake. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha batri kilichofunguliwa mwaka 2007 kiliwaletea wakaaji sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza mapambano hadi kikafungwa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Ya pili ni barabara. Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Lakini risasi haiozi. Iliyotua kando ya barabara za zamani bado inaweza kuwepo katika udongo wa juu. Magari na pikipiki, kwa upande wao, zinaendelea kuacha vumbi la matairi na breki lenye zinki na shaba.

Ya tatu ni jalala. Takataka zinachomwa zikiwa na mawe ya redio, rangi na plastiki, na majivu yake yanapelekwa bustanini kama mbolea. Ya nne ni dhahabu. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu, na eneo la Lubero lina machimbo mengi ambayo maji yake yanateremka katika mito.

Juu ya hayo yote kuna vita. Kwa miaka mingi, mashambulizi ya ADF na makundi mengine yamewafukuza wakulima kutoka vijiji vya Beni na Lubero. Waliokimbilia mjini hawakuja na mashamba yao. Wanalima walipopata nafasi: kando ya kijito, nyuma ya garaji, pembeni mwa jalala la zamani. Shamba zuri liko mbali na ni la hatari. Bustani ya karibu ni salama kwa mtu anayeogopa panga, lakini inaweza kuwa ndiyo yenye udongo mchafu zaidi. Uchaguzi huo mkulima hakuufanya kwa kupenda.

Kakao nayo ina mtihani wake

Kilometa 54 kaskazini mwa Butembo, Beni inaishi kwa kakao. Hapa, suala la kadimi ni la afya na ni la biashara pia.

Tangu tarehe 1 Januari 2019, Umoja wa Ulaya umeweka kiwango cha juu cha kadimi katika chokoleti: kati ya miligramu 0.10 na 0.80 kwa kilo, kulingana na wingi wa kakao iliyomo. Kwa unga wa kakao unaouzwa moja kwa moja kwa mlaji, ni miligramu 0.60. Wakulima wa Ecuador na Peru, ambako udongo wa baadhi ya maeneo una kadimi nyingi kwa asili, waliguswa mara moja. Kakao nyingi ya Afrika Magharibi haikupata shida hiyo, kwa kuwa udongo wa huko una kadimi kidogo.

Mti wa kakao unaweza kuipeleka kadimi hadi kwenye mbegu bila kuonyesha dalili yoyote. Hakuna jani la manjano litakalomwonya mkulima wa Mangina au wa Watalinga. Anayenunua ndiye atakayejua, maabarani, baada ya gunia kuvuka mpaka. Mbolea ya chumvichumvi yenye fosfati ni mojawapo ya vitu vinavyoweza kuongeza kadimi shambani, na udongo wenye asidi unaiachilia zaidi.

Risasi katika kakao ina hadithi nyingine. Utafiti wa mwaka 2005 kuhusu kakao ya Nigeria ulionyesha kuwa mbegu zenyewe zina risasi ndogo sana, na kwamba nyingi huingia baada ya mavuno. Kwa hiyo mahali pa kuanikia pana umuhimu. Mbegu zinazotandazwa kwenye hema la plastiki kando ya barabara kuu zinapokea vumbi na moshi wa kila lori linalopita kuelekea Kasindi.

Mkulima na mnunuzi wafanye nini?

Kuna mambo ambayo hayahitaji maabara wala pesa nyingi.

Kwanza, chagua mahali. Usipande mboga za majani palipovunjwa batri, palipomwagwa mafuta ya injini, au penye jalala la zamani. Kama huna sehemu nyingine, panda pale mahindi, nyanya au maharage ya kukomaa. Mazao hayo kwa kawaida hukusanya kadimi kidogo kuliko lengalenga. Peleka lengalenga, sombe na mboga nyingine za majani kwenye udongo ulio safi zaidi.

Pili, punguza asidi ya udongo. Chokaa inafanya kazi hiyo, kama majaribio ya Lubumbashi yalivyoonyesha kwa shaba. Majivu ya kuni safi nayo yanasaidia. Majivu ya takataka usiyatumie kabisa. Mboji ya samadi na majani ni nzuri, lakini ile inayochotwa jalalani inaweza kurudisha sumu unayoikimbia.

Tatu, acha nafasi kati ya barabara na bustani, na panda uzio wa miti midogo. Utakamata sehemu ya vumbi.

Nne, jikoni, osha mboga kwa maji safi mara kadhaa na uondoe majani ya nje. Hiyo inapunguza risasi iliyotua kama vumbi, pamoja na vijidudu vya maji machafu. Menya viazi na karoti. Lakini tusidanganyane: kuosha hakuondoi kadimi iliyo ndani ya jani, na kuchemsha hakuui madini. Moto unaua kijidudu, hauui shaba wala risasi.

Tano, kwa wa kakao: anika mbali na barabara, juu ya kichanja au hema safi, na usiweke mbegu karibu na mafuta ya gari.

Kazi ya wapimaji

Hatua hizo zinapunguza hatari. Haziwezi kumwambia mama wa bondeni kama udongo wake ni safi au la. Hilo linahitaji kipimo, na kipimo si kazi ya mkulima.

Butembo si mji wenye upungufu wa wasomi. Una Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben chenye kitivo cha kilimo, na una taasisi ya ufundi wa kilimo na mifugo, ITAV. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ina jukumu la kukagua ubora wa bidhaa. Halmashauri za miji ya Butembo na Beni ndizo zinazosema garaji lijengwe wapi na takataka zimwagwe wapi. Lubumbashi imeonyesha njia: chukua udongo wa bustani kumi, chukua mboga kutoka masoko yote, pima, chapisha, kisha waambie watu kwa lugha wanayoielewa.

Watafiti wa Katanga walianza kazi yao wakati madhara yalikuwa tayari yamekaa karibu miaka mia. Msitu ulikuwa umekufa, udongo ulikuwa umesombwa, na watoto walikuwa tayari na kobalti mwilini. Sisi tuna nafasi ya kuanza mapema. Bonde la Kimemi bado linaota kijani, na kakao ya Beni bado inatafutwa na wanunuzi.

Kahawa ilipougua, ilituonyesha, na bado tulichelewa. Lengalenga haitatuonyesha. Kesho asubuhi itakatwa tena, itafungwa mafungu, itapanda kilima kichwani mwa mama hadi sokoni, nayo itakuwa inapendeza kama jana.